Pole ya Mwanahawa

Njia ya kwenda Jimbo la Sawasawa haina cha kusimulia, na aliyekwisha kuipita hawezi kumwelekeza mwenzake, kwa hiyo tuiache. Tuanzie sokoni, mbele ya duka la mikate, mvua ikiwa imekatika muda si mrefu na vigae vya barazani vikimeta maji. Hapo alisimama Hatibu Mwinchande wa Pangani, nyuma ya dada yake Mwanahawa, wakingoja zamu yao ya kununua mkate. Walikuwa wamekuja kwa maonyesho ya mikeka. Mwanahawa ndiye msukaji. Hatibu alikuwa mdomo tu, kazi yake kusifu kilichosukwa na mwenzake, na kazi hiyo aliimudu vizuri sana.

Mbele yao alipita tarishi mmoja, mtu mzima mwenye mfuko wa barua begani, anakwenda haraka haraka kama matarishi wanavyokwenda. Akakanyaga kigae, mguu ukamtoroka, akaanguka kwa mgongo juu ya ukingo wa ngazi. Kishindo chake kilisikika mpaka ndani ya duka.

Hapo ndipo Hatibu alipoiona desturi ya kwanza ya nchi ile. Watu wote waliokuwa barazani waliinua mikono juu, viganja wazi, kama watu walioelekezewa bunduki, kisha wakarudi nyuma taratibu mpaka wakamwacha yule bwana peke yake katikati. Mwokaji mikate alitoka, akatazama, naye akainua mikono yake yenye unga. Mama mmoja alimwinulia mwanawe mchanga vikono vyote viwili. Hakuna aliyetamka neno, na tarishi alikuwa analia.

Mwanahawa hakuinua mikono. Kwao Pangani yeye ndiye afikaye wa kwanza kwenye kila msiba na aondokaye wa mwisho, na wagonjwa wasio na jamaa humwita mama kabla hawajaulizwa jina lake. Alipiga magoti kwenye maji, akavua mtandio akauweka chini ya kichwa cha yule bwana, akamshika mkono.

"Pole, baba," akasema. "Pole sana."

Tarishi, ambaye jina lake lilikuwa Tungo, alifumbua macho. Maumivu yalikuwa yamemkunja uso, lakini ndani ya maumivu yale Hatibu aliona kitu kingine, kitu kama nafuu.

"Umesema nini, mama?"

"Nimesema pole, baba."

"Rudia, wasikie."

"Pole," Mwanahawa akarudia kwa sauti kubwa zaidi, akidhani labda masikio nayo yameumia.

Mikono yote ikashuka. Watu wakapumua, wakaanza kuzungumza, mmoja akaulizia kama mkate wa ngano bado upo. Askari wawili wakaja bila haraka, wakamsaidia Mwanahawa kusimama, wakamkung'utia maji kwenye gauni kwa adabu kubwa, wakamchukua. Tungo naye sasa akainuliwa na kuwekwa kwenye machela, maana sheria ya Sawasawa inaruhusu kumgusa aliyeanguka pindi tu mwangushaji wake anapojulikana.

Hatibu aliwakimbilia akiuliza kosa ni nini. Askari mmoja alimtazama kwa huruma ya mtu anayemtazama mjinga. "Si umesikia amekiri?" akasema.

Inafaa tueleze kidogo, la sivyo yaliyofuata yataonekana ni wendawazimu, na Wasawasawa si wendawazimu. Jimbo lao ni moja katika dola ya majimbo mengi, na kila jimbo lina sheria zake. Ng'ambo ya mto, kupiga mluzi barabarani ni kosa la jinai. Upande wa huku ni dalili ya malezi mema, na Hatibu alipata kuwaona watu wamesimama katikati ya daraja wakimalizia mluzi wao kabla ya kuvuka. Lakini wanachojivunia Wasawasawa kuliko majirani zao wote ni ibara ya kwanza ya katiba yao, iliyochongwa juu ya lango la mahakama: Hakuna tukio lisilo na mwenyewe. Kikombe kikivunjika, yuko aliyekivunja. Mtoto akiugua, yuko aliyemwambukiza, na atatafutwa. Katika lugha yao, ambayo ni Kiswahili kama chetu isipokuwa pale kinapokuwa si chetu, neno "ajali" halimo. Hatibu alilitamka mara moja mbele ya karani wa mapokezi, naye karani akamwomba alitaje herufi kwa herufi, kisha akauliza huyo Ajali anaishi mtaa gani.

Neno "pole" limo. Ila lina kazi moja tu: husemwa na mtenda kumwambia mtendwa, nalo ni ungamo kamili lisilohitaji shahidi. Mtu asiye na hatia akimkuta mwenzake anagaagaa kwa maumivu huinua mikono na kunyamaza, na huo ndio utu.

Serikali ilimpa Mwanahawa mtetezi, Wakili Subira, mwanamke mwenye moyo mzuri na miguu iliyovimba. Kesi zake zilikuwa nyingi mno hata aliwasikiliza watu wake akitembea, na ilimbidi Hatibu kumfuata nyuma nyuma katika korido za mahakama huku akijieleza.

"Hebu niambie, kaka," wakili akauliza, "huko kwenu neno hili mnalitumiaje?"

"Mtu akiugua tunampa pole. Akifiwa, pole. Akitoka safari, akijikwaa, akinyeshewa na mvua. Hata ukimpita mtu njiani analima, unamwambia pole na kazi."

Wakili alisimama, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. "Na makosa yote hayo mnayakiri?"

"Hatukiri kitu, mama. Tunampa pole tu."

"Mnampa. Kinachotoka kwenu kikaenda kwake ni kitu gani?"

Hatibu akafungua kinywa. Maisha yake yote alikuwa akipewa pole na kuitoa, na hakuwahi kuulizwa ni kitu gani hicho. "Ni kumwambia kwamba nimeona," akasema mwishowe. "Kwamba hayuko peke yake."

"Kwamba ulikuwepo," wakili akasema kwa huzuni. "Kaka yangu, usiyaseme tena hayo humu ndani. Umeshamweka dada yako mahali pa tukio."

"Lakini nilikuwepo mimi pia, na niliona. Hakumgusa mpaka alipokuwa chini. Niitwe nitoe ushahidi."

"Wewe ni ndugu. Ushahidi wa ndugu huku huhesabiwa kuwa umetolewa na mshtakiwa mwenyewe kwa sauti nene."

"Na wale wengine? Baraza lilijaa watu."

"Walikuwa wameinua mikono. Aliyeinua mikono, kisheria, hakuona."

Hata hivyo wakili alijitahidi. Kesi ilipotajwa mbele ya jaji kwa mara ya kwanza alimleta profesa wa maneno, mzee mwenye miwani mizito, aeleze asili ya neno lenyewe. Profesa alisema kwa kirefu na kwa raha. Akahitimisha kwamba pole ni ndugu wa upole na polepole, hivyo tendo lolote lililoambatana na neno hilo yumkini lilitendwa taratibu. Wakili Subira alimshukuru na kuketi, akiamini amepata kitu. Mwendesha mashtaka naye alimshukuru, kisha akaomba ruhusa ya kuongeza maneno "kwa makusudi" kwenye shtaka, kwa sababu atendaye jambo polepole ana nafasi ya kufikiri. Jaji aliona hoja ina uzito, na ruhusa ikatolewa.

Mahakama ya Sawasawa ni jengo moja lenye nyumba mbili, na katikati yake ukumbi mrefu wa marumaru. Upande wa mashariki ni Nyumba ya Jinai, ambako dola humdai mtu. Upande wa magharibi ni Nyumba ya Madai, ambako mtu humdai mtu. Kila nyumba ina mizani yake mlangoni. Ile ya Jinai, husemwa, haitii mtu hatiani mpaka sahani yake iguse sakafu. Ile ya Madai hutosha ikitikisika, na Hatibu alishuhudia ikitikisika mtu alipopiga chafya. Katika ukumbi ule alimkuta bwana mmoja ameketi, kofia magotini, ambaye asubuhi ile Nyumba ya Jinai ilikuwa imemtangaza kwamba hakuchoma ghala la jirani yake, na alasiri Nyumba ya Madai ikamtangaza kwamba alilichoma. Hukumu zote mbili zilikuwa halali na zimepigwa mhuri uleule.

"Na kweli ulilichoma?" Hatibu akamuuliza.

"Asubuhi nilikuwa najua," yule bwana akajibu. "Sasa ninafikiria tu niwaambie nini wanangu."

Hatibu alicheka kidogo, kwa kuwa bado alikuwa mgeni. Baadaye alikumbuka kicheko kile akajichukia.

Siku zikapita, Mwanahawa yuko mahabusu. Walimtunza vizuri. Walimpa godoro, chai ya maziwa, na dirisha linalotazama bustani, na kila asubuhi mlinzi alimuuliza kama ana malalamiko. Alikuwa nalo moja, kwamba hakufanya alilofungiwa, na mlinzi alimweleza kwa upole kwamba hilo si la idara yake.

Kisha Wakili Subira akaja na mapatano. Lazima mjue kwamba Sawasawa ina Ukumbi Mkuu wa kusikilizia kesi mpaka mwisho, wenye viti vya mti mweusi na dari iliyochorwa, na kila mtoto wa shule hupelekwa kuutazama. Ila hausikilizi kitu. Humo sasa huwekwa mabenchi mabovu na miavuli iliyosahauliwa na wateja, na mara ya mwisho kesi kusikilizwa mle wakili mwenyewe alikuwa msichana. Karibu kila mshtakiwa hupatana. Anayetaka kusikilizwa akashindwa hupewa adhabu ya kosa lake, na juu yake adhabu ya kutaka kusikilizwa, ambayo ndiyo kubwa.

"Shtaka lililopo ni kuangusha kwa makusudi," wakili akamwambia Hatibu, safari hii ameketi, viatu amevivua. "Akishindwa ataishi kwenye gereza la Ngomeni mpaka asitamani tena kutoka. Wamekubali kulishusha liwe kusukuma kwa kiwiko. Akikiri kiwiko, siku hiyohiyo anatoka kwa mlango huu."

"Lakini hakusukuma kwa kiwiko wala kwa kitu kingine."

"Najua," wakili akasema. Alikuwa amechoka, na maskini ya Mungu alikuwa anasema kweli tupu. "Nimewatetea watu wengi ambao hawakufanya. Waliokiri huwa nakutana nao sokoni. Wale waliokataa siwaoni."

Hatibu akaenda kumweleza dada yake. Mwanahawa alimsikiliza mpaka mwisho, mikono imepakatwa.

"Wewe ulikuwa nyuma yangu pale," akasema.

"Nilikuwepo, dada."

"Nilimsukuma yule baba?"

"Hukumsukuma."

"Basi unanituma niseme nini? Nitakuwa nimemsingizia mtu."

"Utamsingizia nani sasa?"

"Mimi."

Hapo Hatibu akaleta maneno. Alimtaja Mwanakombo, binti wa Mwanahawa, ambaye tumbo lilikuwa limefikia miezi yake, akauliza atashikwa mkono na nani siku ya kujifungua. Alimtaja yule mdogo asiyelala mpaka asikie sauti ya mama. Alisema kiwiko ni nini, si hata mkono mzima, ni jambo la kusema na kusahau, hewa tu inayotoka mdomoni. Alirudi kesho yake akasema tena, na kesho kutwa pia. Alimnadia dada yake uongo ule kama alivyozoea kuinadi mikeka yake, akiugeuza huku na huku aone uzuri wake, na wakati anasema aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, lakini hakunyamaza. Alimpenda na alitaka amrudishe nyumbani. Hakuwa na sababu nyingine, na sijui mimi au wewe tungefanya nini.

Siku ya nne au ya tano Mwanahawa akasema, "Haya. Nitasema."

Kukiri katika Nyumba ya Jinai si kutamka ndiyo ukaondoka. Ipo desturi wanayoiita simulizi. Mshtakiwa aliyepatana husimama kizimbani akalisimulia kosa lake kwa kinywa chake, mwanzo mpaka mwisho, mpaka jaji aridhike, kwa sababu jimbo linalojali haki haliwezi kumwadhibu mtu kwa kosa ambalo hakulifanya. Watu huja kusikiliza. Siku ile walijaa, wengine na watoto wao.

"Eleza," jaji akasema. Alikuwa mzee mwenye sauti laini.

"Nilimsukuma yule baba."

"Mama, hiyo ni habari, si simulizi. Kwa kitu gani?"

"Kiwiko."

"Kipi?"

Mwanahawa akamtazama wakili wake, wakili akatazama viatu vyake. "Cha kulia," akasema. Mwendesha mashtaka akasimama kidogo, akanong'ona kwamba mlalamikaji alielekea upande mwingine. "Cha kushoto," Mwanahawa akasema.

"Kwa nini?"

"Sijui, mheshimiwa."

"Mahakama haiwezi kupokea kiwiko kisicho na sababu," jaji akasema, na alisema kwa upole, kama mwalimu anayemsubiri mtoto akumbuke. "Tulia. Ulikuwa unafikiri nini wakati ule?"

Mwanahawa aliinamisha kichwa, na Hatibu akaona vidole vyake vinacheza pembeni ya gauni, vinapita juu, vinapita chini, kama vinavyofanya anapoanza mkeka na ukili wa kusukia bado haujamkaa mkononi. Kisha akaanza. Alisema mvua ilikuwa imemnyeshea na mikeka yake. Alisema watu wa mji ule hawakuwa wamemwamkia tangu afike, na roho ilikuwa imemjaa. Akasema yule baba alipita kwa haraka akamgusa bega, hakugeuka, na hapo mambo yote yale yakamshuka kwenye mkono. Hakukusudia aanguke. Alitaka tu ageuke amtazame. Sauti ilimkatika hapo, akalia, na machozi yalikuwa ya kweli, kwa maana mvua ilikuwa imemnyeshea kweli na hakuna aliyemwamkia.

Watu wakaguna kwa kuridhika. Mzee mmoja karibu na Hatibu alijifuta macho. Jaji alimpongeza Mwanahawa, akasema katika miaka yake ya ujaji hajasikia simulizi iliyo safi kama ile, na kwamba sasa yu huru. Hatibu alikuwa wa kwanza kusimama, lakini hakushangilia. Sauti aliyoisikia pale kizimbani aliifahamu tangu utotoni. Ndiyo aliyotumia dada yake kusimulia mambo yaliyotokea.

Mwanahawa akatoka kwa mlango wa mashariki, huru kabisa kama wakili alivyoahidi. Ukumbini alipokewa na matarishi wawili wa Nyumba ya Madai, wenye sare ya kijani, wakamwomba kwa adabu avuke marumaru.

"Wakili," Hatibu akaita, "wanampeleka wapi?"

"Kwenye madai ya Tungo," Wakili Subira akajibu. Alikuwa tayari anatembea kuelekea kesi nyingine. "Ule mlango si wangu, kaka. Mimi ni wa jinai."

Mle magharibi mambo hayakuchukua muda. Simulizi ilisomwa yote, na mizani ikatikisika ukurasa wa kwanza ulipogeuzwa. Sheria ya madai ya Sawasawa haitozi fedha, kwa kuwa wanaona fedha ni dharau kwa aliyeumia. Hurudisha kitu kwa kitu. Aliyevunja mlango husimama mlangoni. Tungo alikuwa amepoteza miguu, maana tangu siku ile haikusikia tena, kwa hiyo Mwanahawa atakuwa miguu yake kwa muda wote ambao Tungo ataihitaji. Atambeba, atamwogesha, atamgeuza kitandani, atapeleka barua zake. Hatibu alisimama akasema kwamba watakata rufaa. Jaji wa pili alimuuliza kwa dhati watapinga neno la nani, ikiwa maneno yote ni ya mama mwenyewe.

Siku kadhaa zikapita, Mwanahawa anamtumikia Tungo, na Hatibu anabisha milango ya mahakama bure. Mwishowe alikwenda nyumbani kwa Tungo, akamkuta amewekwa kwenye kiti uani, blanketi miguuni, anaota jua. Alikuwa amejiandaa kumtukana. Alipoona ile miguu, iliyolala kama si yake, matusi yakamwishia mdomoni.

"Bwana Tungo," akasema, "hapa hakuna askari wala jaji. Niambie wewe. Dada yangu alikusukuma?"

Tungo aliitazama miguu yake. "Niliteleza," akasema. "Soli za viatu vyangu zilikuwa zimekwisha tangu masika ya nyuma."

"Basi nenda kaseme."

"Nikisema nimeteleza, mwenyewe wa jambo si nitakuwa mimi? Nitajibeba vipi?" Alijivutia blanketi. "Ndugu yangu, mke wangu amekufa na mwanangu yuko jimbo la mbali. Huku mtu hainuliwi mpaka apatikane aliyemwangusha. Jirani yangu wa nyumba ile alianguka bafuni, peke yake, mlango umefungwa. Walitafuta mwenyewe wakamkosa. Alikaa pale pale mpaka akafa, na sisi tuko dirishani, mikono juu."

Hatibu akaketi chini, kando ya kiti.

"Pale chini nilikuwa na akili zangu zote," Tungo akaendelea, sauti imeshuka. "Nilijua mgongo umekwenda. Nikalala nikaomba aje mtu. Yeyote. Nilijua atakayekuja atakuwa mtu mwema, maana mbaya hawezi kusogea, na nilijua nitakalomfanyia. Nikaomba hivyo hivyo." Akageuza uso ukutani. "Ananipashia maji moto, dada yako. Kila siku anauliza kama ni ya moto mno."

Hapo Hatibu alipata tumaini, na hili ndilo linaloniuma zaidi katika habari yote. Aliona mlango. Mtu amekiri mwenyewe, kwa kinywa chake, na hata kama mahakama haitamsikia, Mwanahawa atasikia. Mpaka uko karibu, mto si mpana, na askari wa Sawasawa hawamfuati mtu ng'ambo. Wangeweza kuondoka alasiri ileile. Aliingia jikoni karibu kwa mbio.

Mwanahawa alikuwa ameinama kwenye jiko, anatia kidole kwenye sufuria kupima maji. Amekonda. Alipomwona ndugu yake alitabasamu, akamsogezea kigoda.

"Dada, acha hayo, tuondoke. Amesema. Yeye mwenyewe amesema sasa hivi, aliteleza. Viatu vilikuwa vibovu. Hukumgusa."

Mwanahawa alimtazama kwa upendo mwingi.

"Anajua nimechoka, anataka kunitua mzigo," akasema. "Ni mtu mwema sana, Hatibu. Hujui ni kiasi gani."

"Dada. Nilikuwa nyuma yako. Niliona."

"Ulikuwa nyuma yangu, ndiyo maana hukuona. Kiwiko kilikuwa mbele." Akajishika mkono wa kushoto, juu kidogo ya kiungo, kama mtu anayeshika mahali panapouma. "Alinigusa bega, hakugeuka. Mvua nayo. Nilikuwa na hasira siku ile, wewe hukujua tu."

"Kiwiko hicho nilikuambia mimi ukiseme. Mimi na yule wakili. Umesahau?"

"Mliniambia niseme. Mlijuaje, basi?"

Hatibu alifungua kinywa kumwambia tena alichokiona. Akarudi kwa mawazo mpaka pale barazani, vigae, maji, mfuko wa barua unapita, na mgongo mpana wa dada yake umeziba kila kitu, na kwa mara ya kwanza hakuweza kuapa mkono wake wa kushoto ulikuwa wapi. Alijua vizuri kwamba hakumsukuma. Alijua, lakini alijua kama mtu anavyojua jambo alilosimuliwa.

Mwanahawa aliepua sufuria, akaishika kwa kitambaa isimuunguze.

"Wewe nenda," akasema. "Mwanakombo asijifungue peke yake, mwambie nampa radhi zangu zote. Na watoto waambie ukweli, usiwafiche, wasije wakausikia kwa watu. Waambie mama yao alimwangusha mtu, na amebaki anamuuguza."

"Dada," Hatibu akasema.

"Niahidi, mdogo wangu. Wewe ndiye mwenye maneno. Wakikusikia wewe wataamini."

Uani Tungo aliita kwa sauti ndogo, akiuliza kama maji yako tayari. Mwanahawa aliitika, akasimama na sufuria yake mlangoni, akimsubiri ndugu yake ajibu kabla hajatoka, na mvuke ulikuwa unampanda usoni.

Hatibu akaahidi.